Shina Ndilo Linalotubeba

Tangu Kwaresima ianze nimekuwa nikisoma Waraka kwa Warumi polepole, na nimekaa muda mrefu kwenye sura ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Kila nikitaka kusonga mbele hadi sura ya kumi na mbili, pale Paulo anapotusihi tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, najikuta nimerudi. Naandika kwa sababu mawazo yamejaa, na kuandika hunisaidia kuona ninaamini nini hasa.

Swali lenyewe ni la zamani. Yesu alipokitwaa kikombe na kusema kuwa ni agano jipya katika damu yake, je, lile agano ambalo Mungu alifanya na Ibrahimu, na baadaye na wana wa Israeli pale Sinai, lilikoma? Je, Kanisa limekalia kiti cha Israeli, na Wayahudi wamebaki nje? Makanisani jibu hutolewa upesi, mara nyingi hata kabla swali halijaulizwa. Mhubiri akifika Mathayo 21, kwenye mfano wa wakulima waovu, husoma kwamba ufalme wa Mungu utaondolewa kwenu na kupewa taifa lingine, kisha hufunga hoja: walipewa, wakakataa, tukapewa sisi. Waumini huitikia amina. Nimelisikia hubiri hilo tangu utotoni, kutoka kwa wahubiri wa kila namna, na ni wachache mno wanaosoma mistari miwili zaidi, ambapo Mathayo anasema wakuu wa makuhani na Mafarisayo walitambua kwamba ananena habari zao. Aliwalenga viongozi. Makutano waliosimama pale, nao Wayahudi, walimwona Yesu kuwa nabii, na hofu ya makutano hao ndiyo iliyowazuia wakubwa kumkamata.

Kinachonisumbua zaidi ni yale ambayo hubiri hilo linatuambia kuhusu Mungu mwenyewe. Katika Mwanzo 15 Ibrahimu aliandaa wanyama, akawapasua vipande viwili, kisha usingizi mzito ukamshika. Desturi ya agano la namna hiyo ilikuwa watu kupita kati ya vile vipande. Giza lilipoingia, tanuru ya moshi na mwenge wa moto ndivyo vilivyopita. Ibrahimu hakupita. Mungu alijifunga peke yake. Na sura mbili mbele anaita agano hilo la milele, kwake na kwa uzao wake baada yake. Kama ahadi hiyo ilikuwa na ukomo ambao Mungu hakumtajia rafiki yake, basi na mimi niliyeahidiwa uzima wa milele nina kila sababu ya kuogopa. Nimeshika ahadi ya Mungu yuleyule. Kama uasi wa Israeli ulitosha kumfanya avunje neno lake, uasi wa Kanisa kwa karne ishirini unatosha mara elfu.

Nimefuatilia fundisho hili, la kwamba Kanisa limechukua nafasi ya Israeli, lilivyokua, na limenihuzunisha. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi ulioongozwa na Bar Kokhba ulizimwa mwaka 135, na Wayahudi wakapigwa marufuku kukanyaga Yerusalemu. Wakristo, ambao wakati huo wengi wao walikuwa wameshakuwa watu wa Mataifa, walizitazama zile kuta zilizoanguka wakaona hukumu iliyoandikwa kwa mawe. Waraka unaoitwa wa Barnaba, ulioandikwa katika zama hizo, unadai kwamba Israeli walilipoteza agano siku ileile Musa alipozivunja mbao chini ya mlima, yaani hawakuwahi kuwa nalo kwa kweli. Yustino Shahidi, mwalimu Mkristo, karibu na mwaka 160, aliandika mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trifo, na humo akasema sisi Wakristo ndio Israeli wa kweli, wa kiroho. Askofu Melito wa Sardi alihubiri Pasaka akiwalaumu Israeli kwa kumuua Mungu. Mwaka 386 na 387 Yohane Krisostomo, ambaye maombi yake bado husaliwa na mamilioni, alisimama Antiokia akatoa mahubiri manane makali dhidi ya Wakristo waliokuwa wakihudhuria sinagogi na kushika sikukuu za Kiyahudi, na maneno aliyoyatumia juu ya Wayahudi wenyewe siwezi kuyarudia hapa.

Ni haki kusema kwamba hao walikuwa bora kuliko Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mwaka 144 kwa kufundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale ni mwingine, wa chini, asiye Baba wa Yesu. Kanisa lilimkataa na kuishika Torati, Zaburi na Manabii kama Maandiko yake. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kitendo hichohicho kilikuwa na upande wake mchungu: tulivishika vitabu vya Wayahudi, kisha tukawaambia wenye vitabu kwamba havikuwa vyao tena.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alitafuta njia ya kati. Alitumia Zaburi ya 59, usiwaue, wasije watu wangu wakasahau, akafundisha kwamba Wayahudi waachwe hai na Torati yao, wakitawanyika kati ya mataifa, ili wawe mashahidi wa ukale wa unabii tunaouhubiri. Fundisho hilo liliokoa maisha katika zama ambazo umati wenye hasira ulitaka damu. Hata hivyo lilimwacha Myahudi hai kama kielelezo cha hoja yetu, si kama mwana ambaye Baba bado anamwita. Na yale mengine yaliyofuata yanajulikana. Pale Strasbourg, Ufaransa, kwenye mlango wa kusini wa kanisa kuu, wachongaji wa miaka ya 1230 waliwasimamisha wanawake wawili wa mawe: Kanisa akiwa na taji, msalaba na kikombe, na Sinagogi akiwa amefungwa kitambaa machoni, mkuki wake umevunjika, mbao za sheria zikimponyoka mkononi. Ni sanaa nzuri mno, na nafikiri uzuri wake ndio uliolifanya fundisho lipite bila kuulizwa. Waliokuwa wakiingia kusali miaka mia baada ya miaka walipita kati ya wanawake hao.

Kwetu sisi Waprotestanti hakuna pa kujificha. Martin Luther, aliyeandika kwa upole mwaka 1523 kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, aliandika mwaka 1543 kitabu kingine akishauri masinagogi yachomwe moto na nyumba za Wayahudi zibomolewe. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakana maandiko hayo waziwazi mwaka 1994. Kwa nini ilichukua zaidi ya miaka mia nne na hamsini, hilo kila Mlutheri na ajiulize.

Mwanateolojia mmoja wa Marekani, R. Kendall Soulen, amenisaidia kuona kwamba fundisho la kuchukua nafasi lina sura tatu. Ya kwanza inasema Israeli walifutwa kama adhabu ya kumkataa Kristo. Ya pili ni ya upole: Israeli walikuwa maandalizi, kazi yao ilikwisha kwa heshima Kristo alipokuja, hata kama wangempokea wote. Ya tatu haihitaji hata kuwataja Wayahudi. Ni kusimulia imani yetu kwa kuruka kutoka anguko la Adamu moja kwa moja hadi hori la Bethlehemu, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu ila kusubiri.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonigusa. Ninaikiri Kanuni ya Imani kila Jumapili, na ninaipenda. Inaanza na Mungu Mwenyezi muumba wa mbingu na dunia, na mara tunafika kwa Yesu Kristo aliyezaliwa na Bikira Maria. Pontio Pilato anatajwa. Ibrahimu hatajwi, wala kutoka Misri, wala Sinai, wala Daudi. Silaumu waliotunga; walikuwa wakijibu mafundisho potofu ya siku zao. Lakini mtoto aliyefundishwa imani kwa Kanuni hiyo peke yake anaweza kukua bila kujua kwamba Yesu alitahiriwa siku ya nane, kwamba alisali Zaburi, kwamba alipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Bila Israeli, Yesu anakuwa mtu asiye na ukoo.

Basi turudi kwa Paulo, maana yeye ndiye aliyenikalisha hapa.

Anaanza sura ya tisa kwa kilio. Anasema angeweza kuomba yeye mwenyewe aharimishwe na kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake, jamaa zake kwa jinsi ya mwili. Kisha anaorodhesha vilivyo vyao: kufanywa wana, utukufu, maagano, torati, ibada, ahadi. Anaandika miaka kama ishirini na mitano hivi baada ya msalaba, akiwazungumzia Wayahudi ambao wengi wao hawajamwamini Yesu, na anasema hivyo ni vyao. Hasemi vilikuwa. Halafu anapita katika hoja ngumu, za Esau na Farao na mfinyanzi, ambazo zimewagawanya Wakristo hadi leo, mpaka anafika sura ya 11 na kuuliza waziwazi: "Je! Mungu aliwasukumia mbali watu wake? Hasha!"

Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia kijana mmoja aliuliza hivi karibuni, "Mwalimu, Myahudi anayesali leo kwa Mungu wa Ibrahimu, Mungu anamsikia?" Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja tunayemheshimu sana alimjibu, "Mwanangu, hao ni matawi yaliyokatwa." Nikasema, "Mzee wangu, shikamoo kwa neno hilo, maana ni la Paulo kweli. Ila tusome mpaka mwisho wa sura." Tukasoma. Matawi mengine yalikatwa, ndiyo; Paulo anasema mengine, hasemi yote. Sisi watu wa Mataifa ni mzeituni mwitu, tumepandikizwa kati yao tupate kushiriki unono wa shina lisilo letu. Na hapo onyo linatugeukia: "usijisifu juu ya matawi yale, au ikiwa wajisifu, si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Mungu aweza kuwapandikiza tena, maana mti ni wao. Na mwisho wa hoja yote: kwa habari ya Injili wamekuwa adui kwa ajili yetu, bali kwa habari ya kuchaguliwa ni wapenzi kwa ajili ya baba zao. "Kwa sababu karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake." Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaomba tuusome tena ule mstari wa 18. Nimezidi kumpenda kwa hilo.

Angalia Paulo anavyoyashika yote mawili. Hapunguzi Injili. Anaamini Yesu ndiye Masihi, na kuwaona ndugu zake wakimpita kunamuumiza hadi kutamani laana. Wala hapunguzi uchaguzi wa Israeli. Sisi tuliokuja baadaye tumekuwa tukiangusha moja ili kuupata urahisi wa jingine.

Makanisa mengine yameangusha upande huu, mengine ule. Mwanamatengenezo Calvin na waliomfuata walisema agano ni moja tu kwa kiini, la kale na jipya likitofautiana katika namna ya kutekelezwa. Napenda sana umoja huo, ingawa wengi wa wafuasi wake waliishia kusema Kanisa ndilo Israeli, na Myahudi aliye hai akapotea ndani ya hoja. Mhubiri John Nelson Darby, katika karne ya 19, alitenganisha kabisa: Israeli ni watu wa Mungu wa duniani, Kanisa ni watu wa mbinguni, kila mmoja na mpango wake. Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909 ilieneza fundisho hilo mbali sana. Linaonekana kuwaheshimu Wayahudi, lakini mara nyingi linawapenda kama alama kwenye ratiba ya siku za mwisho, na Paulo, aliyesema Kristo ameubomoa ule ukuta wa katikati kati ya Wayahudi na Mataifa, sidhani angelitambua. Wengine tena wanasema kuna maagano mawili yanayokwenda sambamba, Wayahudi kwa Torati na Mataifa kwa Yesu. Nimejaribu kulikubali hili kwa sababu lina amani nyingi. Nashindwa. Petro na Yohana na Maria walikuwa Wayahudi, na kama Yesu si kitu kwa Wayahudi, basi wale wa kwanza kumfuata walipotea njia.

Na sharti niseme pia, kwa kuwa najua mawazo ya wengi yatakimbilia huko: ninazungumzia agano. Serikali yoyote ya leo, iwe ya wapi, inapimwa kwa haki na rehema kama walivyopimwa wafalme wa Yuda na manabii waliotumwa kwao. Kuamini kwamba Mungu hajawaacha watu wake hakumpi yeyote ruhusa ya kumdhulumu jirani, wala hakumwondolei Mpalestina, Mkristo au Mwislamu, sura ya Mungu aliyo nayo.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Wanazi kuwaangamiza Wayahudi milioni sita katikati ya Ulaya iliyokuwa imebatizwa. Jules Isaac, mwanahistoria Myahudi wa Ufaransa ambaye mke wake na binti yake waliuawa katika kambi ya Auschwitz, alitumia miaka yake ya mwisho kuonyesha jinsi mafundisho ya dharau kanisani yalivyoandaa udongo wa chuki. Mwezi wa Juni 1960 alikwenda kwa Papa Yohane XXIII na kumwomba Kanisa liyarekebishe. Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitoa tamko la Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88, likisema Wayahudi wasielezwe kuwa wamekataliwa au kulaaniwa na Mungu, kana kwamba Maandiko ndiyo yanayosema hivyo, na likaegemea Warumi 11. Aya hiyohiyo inaliita Kanisa watu wapya wa Mungu. Sioni kwamba walijipinga. Naona walirudi pale Paulo alipokuwa. Mwaka 1980, huko Mainz, Ujerumani, Papa Yohane Paulo II aliwaambia Wayahudi kuwa wao ni watu wa Mungu wa Agano la Kale, ambalo Mungu hajalitangua kamwe. Mwaka huohuo sinodi ya kanisa la Kiprotestanti la Rhineland ilikiri sehemu ya Wakristo katika hatia na kutamka kwamba kuchaguliwa kwa Israeli kunadumu. Hata sala ya Ijumaa Kuu, ambayo kwa karne nyingi iliwaita Wayahudi wasio waaminifu, katika misale (kitabu cha sala za Misa) ya mwaka 1970 inamwomba Mungu awajalie wazidi kulipenda jina lake na kuwa waaminifu kwa agano lake. Mimi si Mkatoliki, lakini sala hiyo nimeinakili kwenye daftari langu na ninaisali.

Limebaki jambo moja gumu, na sitaki kulipita kwa mbali: Waraka kwa Waebrania. Sura ya 8 inasema kwa kuliita jipya, amelifanya lile la kwanza kuwa kuukuu, na kilicho kikuukuu ki karibu na kutoweka. Hakuna andiko linalotumika zaidi kusema agano la Wayahudi limekwisha. Nimelisoma mara nyingi kwa hofu. Nionavyo, mwandishi anazungumzia ukuhani, hema na dhabihu, jinsi tunavyomkaribia Mungu, na hapo nasimama naye bila kusita: sadaka ya Kristo ni moja, imetosha, hairudiwi. Hasemi popote kwamba Mungu amewaacha wana wa Ibrahimu. Sura ya 6 ya waraka huohuo inajenga tumaini letu lote juu ya kiapo ambacho Mungu alimwapia Ibrahimu, kwa kuwa Mungu hawezi kusema uongo. Mtu asiyeamini kiapo hicho bado kina nguvu hawezi kuuhubiri waraka huo hata kidogo. Hata hivyo nakiri kwamba sauti ya Waebrania na sauti ya Warumi 11 hazijapatana kabisa masikioni mwangu, na sitalazimisha zipatane ili nipate usingizi.

Kuna jambo lingine tunalolisahau tunapojadili haya: Uyahudi haukubaki ndani ya Agano la Kale ukitusubiri. Baada ya hekalu kuanguka, mwalimu wa Torati Yohanan ben Zakkai na wenzake walikusanyika katika mji wa Yavne. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi juu ya sheria, ikakusanywa karibu na mwaka 200, kisha Talmudi, inayoifafanua. Watu wale walishika Sabato katika mitaa waliyofungiwa, wakawatahiri watoto wao walipokatazwa, wakasema Sikia, Ee Israeli, wakiwa ndani ya moto. Kama Mungu aliwatupa, ni nani aliyewapa uaminifu huo?

Wiki ijayo kikundi chetu kinaingia Waebrania 8, na nimeombwa nianze. Nimeamua kwamba kabla ya yote tutaisoma Yeremia 31, kwa sababu ndiyo mwandishi anayoinukuu. Ananukuu kuanzia mstari wa 31 hadi wa 34, agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, sheria ikiandikwa mioyoni, dhambi zikisahauliwa, na hapo anaishia. Sisi hatutaishia hapo. Nitamwomba yule kijana asome mistari mitatu inayofuata, ambapo BWANA anaapa kwa jua na mwezi na nyota, na kusema kwamba siku mbingu zitakapopimwa na misingi ya dunia kuchunguzwa chini, ndipo atakapowatupilia mbali wazao wote wa Israeli kwa ajili ya mambo yote waliyoyatenda. Akimaliza, nitamwomba mzee aturudishe Waebrania.